Mwaka Nilioazimwa

Zuhura alinipigia simu alfajiri, nikiwa bado napapasa kitandani kutafuta miwani, akasema maneno machache tu: "Mama ametutoka. Tunazika baada ya alasiri. Njoo." Sikulia. Watu wa umri wangu tumeshazizoea simu za alfajiri, na Mama Zuhura alikuwa ameugua muda mrefu, akilazwa na kuinuliwa kwa mikono ya watu, kwa hiyo nilibandika chai, nikatafuta khanga ya kujifunika kichwa, nikapanda gari la kwanza kutoka Mugumu kwenda Tarime. Njia ile inapita Kewanja, ambako kifusi cha mgodi sasa kimekuwa kirefu kuliko vilima alivyoviweka Mungu mwenyewe, na abiria wenzangu walibishana mwendo mzima nani kapata kibarua mgodini na nani kaachishwa. Mimi nilikuwa nawaza vitenzi. Usinicheke. Nimefundisha Kiingereza wilaya ya Serengeti mpaka nikastaafu, na mtu aliyefundisha kitu kimoja maisha yake yote huharibika kidogo. Akifiwa, hata huzuni yake inapitia kwanza darasani. Vitenzi vyenyewe ni viwili, lend na borrow, na kama umewahi kukaa kwenye dawati lolote la nchi hii unajua jinsi tunavyovichanganya.

Nyumba ni ile ile, nyuma ya soko, ila mabati ni mapya na ukuta umepakwa rangi ya kijani. Chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa hoteli ya chai, kilikuwa kimetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta, na wanawake wamekaa miguu wameikunja, wengine wanasoma, wengine wananong'ona habari za mvua. Zuhura alikuwa kule ndani kabisa, ukutani, na mabinti zake na wajukuu, mahali pa wafiwa. Aliponiona akanipungia mkono nisogee kule. Nikajifanya sijaona. Nikakaa karibu na mlango pamoja na majirani, pazia likinipiga begani kila upepo ulipokuja. Sikuwa na kinyongo na mtu. Ni kwamba sikujua, na umri wangu huu wote sijajua, katika nyumba ile mimi ni nani. Si mtoto wa kuzaliwa, si mpangaji, si mfanyakazi, si ndugu. Dini yao si yangu na kabila lao si langu. Nililala humo ujana wangu wote wa shule, na sababu ya kulala humo ilipatikana katika mwaka mmoja, mwaka wangu wa kidato cha kwanza, na huo ndio ninaotaka kuusimulia.

Shule ilikuwa ya kutwa, mjini Tarime, na kwetu ni Susuni, mbali mno kwa miguu ya mtoto asubuhi na jioni. Baba akaamua nikae kwa Mama Zuhura. Alimfahamu kwa chai tu. Siku za soko alikuwa akiingia hotelini kwake, anakunywa vikombe viwili, anaondoka bila maneno mengi, kwa sababu Kiswahili cha Baba kilikuwa cha kununulia chumvi. Mama Zuhura alikuwa mjane. Baba yake alitoka Pangani akaja Tarime na cherehani, akabaki, na binti akazaliwa hapa hapa, ila Kiswahili chake kilikuwa kimekaa mdomoni vizuri kuliko cha mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na katika Kikurya alijua salamu na matusi tu. Asubuhi ile Baba alifika uani kwake akiwa anavuta kamba yenye ng'ombe wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, na mimi nyuma na sanduku la bati kichwani. Akamwonyesha ng'ombe, akanionyesha mimi, akasema, "Huyu, na huyu." Mama Zuhura akasema, "Karibuni." Mkataba ukawa huo, haukuongezwa neno.

Sasa sikiliza walivyouelewa. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Anawawekesha kwa watu, mmoja kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, ili ugonjwa ukija au wezi wakija wasimalize mji mzima. Aliyewekeshwa anakamua, maziwa ni yake yeye na watoto wake. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, ngozi inarudishwa kwa mwenyewe aikunjue aione kwa macho yake, maana bila ngozi ng'ombe hajafa, ameliwa. Jambo hilo kila mtoto wa Susuni analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Kwa Baba, basi, ng'ombe alikuwa amewekeshwa, na mtoto analala huko kwa sababu ng'ombe yupo huko. Mama Zuhura yeye alielewa kwamba ng'ombe ndiyo malipo ya chakula changu na kitanda, kalipwa, yamekwisha. Siku ile ile akampa ng'ombe jina. Kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake. Yeye akamwita Mwanaheri, jina la mtu, tena la shangazi yake. Baba alipolisikia, siku ya soko iliyofuata, alikaa na kikombe mkononi bila kunywa. "Mmempa jina la mtu," akasema. Mimi nilimjua, nikaona hajapenda.

Maisha ya nyumba ile yalinipendeza mpaka nikaona aibu. Nililala kitanda kimoja na Zuhura, rika langu, anayepiga mateke usingizini. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi wenye maziwa ya Mwanaheri, na maandazi yaliyopasuka, kwa kuwa mazima yalikuwa ya wateja. Ijumaa palipikwa pilau, nami niliyekuwa naujua wali wa Krismasi tu nilikula wali wiki baada ya wiki kama mtoto wa mkuu wa wilaya. Kati ya chumba chetu na hoteli palikuwa na ukuta wa mbao, na mbao zilikuwa na nyufa, kwa hiyo elimu yangu nyingine niliipata hapo: wachuuzi wa ng'ombe wakisifu mifugo ambayo haipo, walimu wakimsema mkuu wao, vijana wa Sirari wakijisifu jinsi walivyovusha sukari na sabuni kutoka Kenya, nusu Kiswahili nusu Kiingereza cha mpakani. Mama Zuhura aliwajibu wote kwa sauti moja, bila haraka. Mlevi akiingia alimwambia, "Baba, chai yangu haikufai, nenda kalale urudi," na mlevi alikwenda. Nilimpenda mwanamke yule tangu wiki ya kwanza, na sikumwambia, kwa sababu kwetu mtu hamwambii mtu jambo kama hilo.

Darasani tulikuwa na Mwalimu Owino, mtu mwembamba kutoka upande wa Shirati, tai shingoni, chaki mpaka kwenye viwiko. Kilichokuwa kinamkera kuliko utoro na kuliko uchafu ni sentensi moja ambayo darasa zima tulikuwa tunaisema toka asubuhi hadi kengele ya mwisho: borrow me your pen. Akiisikia alisimamisha somo. Anamwita mwenye kalamu mbele, anamwita anayeitaka, anaishika kalamu katikati yao juu hewani, anasema, "Kalamu haiendi popote mpaka kitenzi kiwe sawa." Kisha anafafanua, kila mara kama mara ya kwanza: "Huyu anacho. Mwenye kitu ndiye ana-lend. Huyu hana. Asiye na kitu ndiye ana-borrow. Kitu ni kile kile na safari ni ile ile, lakini mikono ni miwili, na kila mkono una kitenzi chake. Usiibe kitenzi cha mwenzako." Tuliitikia kwa pamoja, na baada ya nusu saa mtu alikuwa anaomba tena rula kwa borrow. Haikuwa ujinga. Sisi tulikuwa na azima, na azima linatosha kote kote: niazime kalamu, nimeazima kalamu kwa Zuhura. Kamusi ina kuazimisha, lakini sijawahi kumsikia mtu akiombea kalamu neno hilo.

Siku moja nilinyoosha mkono nikamuuliza: mtu akiweka ng'ombe wake kwako, ukamkamua wewe lakini ndama ni wake, hiyo ni lend au ni nini. Darasa likacheka. Mwalimu Owino hakucheka, aliweka chaki chini, akafikiri kwa haki, akasema, "Hiyo kitabu hakina." Halafu akaongeza, "Ila rudisha ng'ombe wa watu, Bhoke." Wakacheka zaidi, na kwa muda jina langu likawa Ng'ombe wa Watu. Nyumbani mimi na Zuhura tukaligeuza somo lote kuwa mchezo. "Borrow me sabuni," ananiambia bafuni. "Haiendi popote," namjibu, "mpaka kitenzi kiwe sawa." Mama Zuhura akatusikia, akauliza tunacheka nini, tukamweleza ile mikono miwili. Akakanda unga wake kidogo, kisha akasema, "Na kalamu je, nayo inasemaje?" Tulidhani ametania. Huenda alitania. Lakini nimefundisha somo lile miaka yote ya kazi yangu, na kila nilipofika kwenye ile mikono miwili nililisikia swali hilo.

Mvua za masika zilipochanganya, Mwanaheri akakataa majani. Mjini hapakuwa na josho la kumwogeshea, na kupe walikuwa wengi kwenye nyasi za kule mtoni tulikompeleka kula. Kesho yake macho yalikuwa yanatoa machozi na tezi za shingo zimevimba kama viazi. Bwana mifugo alikuwa Sirari na hakuna aliyejua atarudi lini. Nilimwambia Mama Zuhura tupeleke habari kwa Baba, akasema ndiyo, tumtafute mtu wa Susuni sokoni. Siku ya soko ilikuwa bado. Asubuhi iliyofuata nilimwacha Mwanaheri amelala ubavu, anahema kwa mdomo, nikaenda shule, na niliporudi uani palikuwa pamejaa majirani wenye mabakuli na Mzee Rajabu mchinjaji anaosha kisu. Mama Zuhura alikuwa amefanya kile ambacho mtu wa dini yake hufanya: amemwahi mnyama kabla hajafa, achinjwe kwa kisomo, asiwe mzoga wa kutupwa. Watu walikuwa wakimpa pole na kumshukuru kwa pamoja.

"Mama," nikamwuliza, "ngozi iko wapi?"

"Ngozi gani, mwanangu? Hebu njoo ule maini yangali moto."

"Ngozi ya Mwanaheri."

"Si ameichukua yule mnunuzi wa ngozi. Aliikuta hapa, akaibeba."

Nikakaa chini pale pale kwenye matope na sare yangu. Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kuruka ruka, mambo ya kuwekesha na ya ndama na ya ngozi inayorudi, na kwamba bila ngozi wale wa Susuni watasema amemla ng'ombe wa watu, watakuja kunichukua na hawatakanyaga tena hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, bakuli mkononi. "Kumbe hakuwa wangu," akasema. "Miezi yote hii nimemkamua ng'ombe wa watu nikidhani ni wangu." Akaninyanyua kwa mkono, akanipangusa matope sketini. Halafu akabadili khanga, akatoka. Alirudi jioni na ngozi kichwani, imepakwa chumvi, inachuruzika mpaka mabegani. Mnunuzi alikuwa ameshaichanganya na nyingine kwenye lundo, akamwambia achague yoyote, na yeye akalifukua lundo lote mpaka akaliona lile baka jeupe.

Jumamosi alifunga hoteli, jambo ambalo Zuhura hakuwahi kuliona, tukaenda Susuni, mimi na yeye. Lori la mahindi lilitusogeza, kisha tukatembea. Nilitaka kuibeba ngozi, akakataa. "Aliyeazima ndiye anayerudisha," akasema, na nikaona kwamba somo la Mwalimu Owino limemwingia kuliko lilivyotuingia sisi. Mbwa wa kila mji tuliopita walitoka wakatufuata kwa ajili ya harufu, mpaka tukawa na msafara. Watu walisimama mashambani wakitazama mwanamke wa mjini, ushungi kichwani na ngozi juu ya ushungi, akiwaamkia kwa ile salamu yake ya Kikurya yenye lafudhi ya Pangani.

Nyumbani walimpokea kwa adabu. Alipewa kiti cha mgongo, akaletewa maziwa mgando kwenye kibuyu na ugali wa mtama. Uani walikaa Baba, kaka yake mkubwa tuliyemwita Baba Mkubwa, na Mwita, kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa, kijana wa kuoa. Mwita alikaa katikati kwa sababu ndiye aliyekuwa na Kiswahili cha kutosha kuwatafsiria. Mimi nilipelekwa jikoni kwa wanawake, nikashika sufuria ya kusugua, nikaisugua mahali pamoja tu, maana jiko letu lilikuwa la miti na kila neno la uani lilipita. Niseme kilichokuwa mezani, ili mtu asipotee. Baba Mkubwa alikuwa ameshasema, tangu msimu uliopita, kwamba binti anayesoma ni ng'ombe waliofungiwa nje ya zizi. Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Mwita alikuwa na msichana wake, Robi, wameshaelewana, na kilichobaki ni mahari, na mahari nilikuwa mimi.

Baba Mkubwa ndiye aliyeikunjua ngozi, na jicho lake likaenda moja kwa moja shingoni. "Amechinjwa huyu," akasema kwa Kikurya. "Nilisema. Wamemla." Baba akaivuta ngozi kwake. Alichuchumaa, akaigeuza ngozi taratibu, akapapasa kule kwenye ngozi laini ya mapajani. "Kupe," akasema. "Tazama. Alikuwa anakufa." Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye nyasi. Nikadhani mambo yamekwisha salama. Ndipo Baba Mkubwa akasema, "Vizuri. Ng'ombe amekufa, ngozi imerudi, hakuna anayemdai mwenzake. Basi na mtoto abaki hapa hapa, kwa sababu huko hakuna tena ng'ombe wa kumlisha. Wale watu wa ng'ambo ya mto wameuliza habari zake mara ya pili. Mwita aoe." Baba akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Nikaacha kusugua. Mama Zuhura alikuwa anawatazama midomo. "Wanasemaje?" akamwuliza Mwita, na Mwita akamwambia yote, hakuficha, hata habari za wale wa ng'ambo.

Mama Zuhura akaweka kibuyu chini. "Mwambie baba yako hivi," akasema. "Sitaki ng'ombe mwingine. Nipe huyu mtoto. Nipe tu, akae kwangu asome, atakula tunachokula."

Kwa Kiswahili ni maneno ya huruma, hayana kosa. Lakini kwetu mtu hasimami katika mji wa mwenzake akasema nipe binti yako ila kwa jambo moja, na jibu la jambo hilo ni idadi ya ng'ombe. Na usidhani kwamba kwa kuwa alikuwa mwanamke wangelichukulia vingine. Kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume naye huoa. Hutoa ng'ombe wake, akaleta mke katika nyumba yake amzalie. Mjane mwenye binti mmoja kusema nipe mtoto, Baba Mkubwa angelisikia neno hilo kama lilivyo, na kabla jua halijasogea wangekuwa wanahesabiana mifugo ambayo yule mama hakuwa nayo, na ikishindikana, nimebaki. Jikoni nilisimama na masizi mpaka kwenye viwiko. Mwita alijua kama nilivyojua. Ilimtosha kutafsiri neno kwa neno, kwa uaminifu, na Robi angekuwa wake.

Mwita alikunywa maziwa kwanza. Kisha akamgeukia Baba, akasema kwa Kikurya, bila kupandisha wala kushusha sauti, "Anasema kwa kuwa amerudisha ngozi, anaomba aazimwe mtoto."

Baba akaitazama ngozi. Mtu aliyerudisha ngozi kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya mbwa wa kata nzima, humnyimi akiomba kuazima tena. Ni aibu, na Baba Mkubwa mwenyewe alilijua hilo, akageuza uso. "Mpaka lini?" Baba akauliza. Mwita akamwuliza Mama Zuhura, naye akashangaa kidogo, akasema, "Mpaka amalize shule." Baba akafikiri. "Mwambie," akasema, "kitu cha kuazima kinarudi." Mwita akamgeukia Mama Zuhura. "Amekubali," akamwambia. Mama Zuhura akalia pale kwenye kiti, akamshika Baba mikono yote miwili, na Baba hakujua afanye nini na mikono yake.

Mwita alitusindikiza mpaka barabarani. Mama Zuhura alikuwa ametangulia, mwepesi, bila mzigo kichwani. Nikamwambia Mwita kwa Kikurya, "Hukusema alichosema." Akasema, "Nimesema kinachosemeka." Nikamwuliza, "Na Robi?" Akasema nikazane na shule, mambo ya Robi siyajui. Robi aliolewa Nyakunguru kabla mvua nyingine hazijaanza. Mwita alikuja kuoa baadaye sana, mwanamke mwingine, kwa ng'ombe aliowatafuta mmoja mmoja kwa vibarua. Hatukulizungumza tena. Mimi nikamaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Serengeti, nikabaki Mugumu. Sikuolewa, na sababu zake ni za sura nyingine. Kila nilipokwenda Susuni likizo, Baba aliniuliza swali lile lile: "Umerudi, au umepita?" Nilimjibu nimepita, Baba. Akasema, "Basi msalimie." Alikufa akiamini kwamba anadai. Na Mama Zuhura, kila mtu akimuuliza yule Mkurya mwenye miwani ni nani wako, alijibu, "Nilipewa." Mimi nilikuwa katikati ya maneno hayo mawili na nikanyamaza, kwa sababu kulisahihisha moja kungekuwa kumharibia mtu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani karibu na mlango, pazia likinipiga bega, waliposwalia maiti uani na sheikh akaanza kuagiza watu. Alisema kama inavyosemwa kila msiba wao kabla jeneza halijaondoka: kama yupo anayemdai marehemu, kidogo au kikubwa, aseme sasa au awaone watoto wake, tumpeleke mwepesi. Wanaume wakalisogelea jeneza. Kisha nikasikia sauti ya mzee, Kiswahili chenye Kikurya ndani yake, wala sikujua kama amekuja. Alikuwa Mwita.

"Sisi wa Susuni tunamdai," akasema. "Tunamdai mtoto."

Wanawake wakanyanyua vichwa. Kule ukutani Zuhura akanitazama.

"Mtoto, mzee wangu?" sheikh akauliza kwa upole.

"Wa kike. Baba yetu alimwazima mama huyu, mtoto asome kisha arudishwe. Hajarudishwa mpaka leo."

"Na huyo mtoto yuko wapi?"

"Yumo humo ndani na akina mama. Nimemwona akiingia."

Nikainuka. Magoti yangu siku hizi yanalia, na nadhani walisikia mpaka uani. Nikasogeza pazia, nikasimama mlangoni, na uani wanaume wote wakamwona mtoto anayedaiwa: mwanamke wa miaka sitini na kitu, miwani, mvi zinachungulia kwenye khanga. "Mtoto ni mimi," nikasema. Halafu, kwa kuwa sikujua neno jingine, "Shikamoo kaka."

"Marahaba," Mwita akajibu, kama tumekutana njiani. Alikuwa ameegemea fimbo, koti la mvua mkononi. Akamgeukia sheikh. "Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri siku ile. Mama huyu hakusema kuazima. Alisema apewe. Mimi nilijua wakilisikia hilo binti haendi shule, nikaweka neno langu. Baba amekufa na neno langu. Sasa wazee wote hawapo, mkubwa wa nyumba ni mimi, kwa hiyo nalirudisha lake." Akalitazama jeneza. "Mama, tumekupa."

"Mmemsamehe deni?" sheikh akauliza, ili iwe wazi kwa wote.

"Hatukusamehe," Mwita akasema. "Hapana deni. Tumempa."

Wanaume wakainua jeneza, wakaanza kutoka uani wakipokezana, na Mwita akalipokea begani, upande wa nyuma, pamoja nao mpaka kwenye kona ya soko. Nikarudi ndani. Pale nilipokuwa nimekaa, karibu na mlango, palikuwa bado wazi, lakini kule ukutani Zuhura alikuwa ameshawasogeza mabinti zake na kuacha nafasi ya mtu mmoja mkekani. Nikapita katikati ya miguu ya watu, samahani, samahani, nikakaa hapo kwa wafiwa, na ndipo nilipoanza kulia.